Mlima Meru siku nne kupitia Momella, maoni yangu kwa anayefikiria kupanda

Nimezaliwa Sakina, hapa Arusha mjini, na nimekulia hapo hapo, kwahiyo Mlima Meru kwangu ni kitu cha kila siku, ukifungua dirisha la jikoni uko pale, mama alikuwa anautazama asubuhi kabla hajaloweka nguo, akiukuta umejifunika wingu anasema leo hatufui. Miaka thelathini na kitu nimeutazama kutoka upande ule mmoja na umbo lake nalijua kama ninavyoijua sura ya bibi yangu, pembe tatu imekaa vizuri, imekamilika. Septemba mwaka jana ndo nimeupanda kwa mara ya kwanza, mimi na mdogo wangu wa kiume, siku nne usiku tatu, na mpaka leo bado nashangaa kwamba sikuwahi kujua upande wa pili haupo. Yani mlima umebomoka. Ule tunaouona sisi wa mjini ni mgongo, mbele yake kuna shimo kubwa limefunguka kuelekea mashariki, na ndani ya shimo kuna kilima kingine cha majivu kimesimama peke yake. Naandika haya kwa ajili ya watu wa Arusha hasa, maana nimekutana na Wajerumani na Waholanzi wengi kule juu, Watanzania waliopanda kama sisi tulikuwa wawili, wengine wote walikuwa kazini.

Nianze na mambo ya kujipanga maana ndo watu wanauliza sana. Mlima uko ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, unatoka mjini kama unaenda Moshi, ukifika Usa River unakata kushoto, unaingia geti la Ngongongare, unapita ile sehemu ya wazi wanaita Serengeti Ndogo (sisi tulikuta pundamilia na twiga hata saa nne haijafika) mpaka geti la Momella ambako kupanda kunaanzia. Hapo mko kama mita 1,500 na kilele ni mita 4,562, kwahiyo kazi iliyobaki piga hesabu mwenyewe. Beba kitambulisho cha NIDA, usikisahau, maana Mtanzania analipa kwa shilingi na kiwango chetu kiko chini sana kuliko cha mgeni, na malipo yanaenda kwa kontrol namba, hakuna cha kumpa mtu hela mkononi. Mifuko ya plastiki usibebe, ilishapigwa marufuku nchi nzima tangu 2019, nguo zako funga kwenye mfuko wa kitambaa.

Kampuni ya kwanza niliyoulizia mjini waliniambia siku tatu zinatosha, nyie wenyeji mna pumzi. Nawaambia kwa moyo wote msikubali hiyo. Pumzi ya mwenyeji wa Arusha ni ya mita 1,400, kibanda cha Saddle kiko mita 3,570 na huko mwili hauulizi umezaliwa wapi. Kwenye siku tatu, ile siku ya kilele mnatembea tangu usiku wa manane, mnafika juu, mnashuka mpaka getini siku hiyo hiyo, zaidi ya mita 3,000 za kushuka kwa magoti ambayo yameshachoka. Tulikutana na kijana mmoja aliyekuwa anashuka hivyo, mwongozaji wake amemshika mkono kama mgonjwa anatolewa wodini, na alikuwa mtu wa mazoezi kabisa. Chukua siku nne. Ile hela ya siku moja ya ziada ndo hela yenye faida kuliko zote utakazolipa kwenye safari hii.

Getini mizigo ya wagumu, yani wapagazi, inapimwa kwenye mzani, na ranja anakuja na bunduki. Kwa wasiojua, Meru huruhusiwi kupanda bila askari wa hifadhi mwenye silaha kwa sababu chini huku kuna nyati na tembo na njia inapita katikati yao, sio mapambo. Dakika kumi tu kutoka getini tukakuta kundi la nyati wamelala kwenye majani wazi kabisa, ranja akatusimamisha kwa mkono bila kusema neno, akasogea mbele kidogo, akawaangalia, nao wakamwangalia, alafu akatuashiria tupite kushoto kwa mstari mmoja. Mdogo wangu ni mtu wa maneno mengi lakini pale hata kukohoa hakukohoa. Huyu afande tulikaa naye siku zote nne na nampa maksi zote, alikuwa anajua kila mlio, anasema huyo ni mbega, subirini, na kweli baada ya muda mbega wanaruka juu ya vichwa vyetu na ile mikia myeupe.

Siku ya kwanza kuna njia mbili mpaka vibanda vya Miriakamba, mita 2,514. Fupi ndo wagumu wanapita hiyo, na ndefu inapita kwenye ule mtini wenye mlango, mti umejisuka na kuacha uwazi chini ambao gari linaweza kupita, alafu msituni, alafu inakuzungusha kwenye sakafu ya kreta, yani lile shimo la volkano. Waambieni mnataka ndefu. Inaongeza masaa, sisi tulitumia sita na kitu, ila ndo njia inayokuonyesha mlima wenyewe ukoje. Tulitoka kwenye miti mikubwa ile yenye majani yananing'inia kama ndevu za mzee, ghafla pakawa wazi, nikanyanyua macho nikaona ukuta. Ukuta wa mawe unaopanda zaidi ya kilomita moja kwenda juu, mweusi na wa kahawia, na wingu limekaa katikati yake. Nikamuuliza mwongozaji huu ni mlima gani. Akasema dada, ndo Meru hiyo, uko ndani yake.

Nilikaa chini pale. Alitupa muda, hakutukimbiza, na akatueleza kwamba maelfu ya miaka iliyopita mlima ulikuwa mrefu kuliko sasa, upande wote wa mashariki ukaporomoka, udongo na mawe na matope yakatiririka mbali sana, na vile vilima vidogo vidogo unavyoviona kuanzia Momella ni mabaki ya mlima wenyewe, na maziwa ya Momella wanakokaa flamingo yamejaa kwenye mabonde yaliyobaki katikati ya hayo mabaki. Yani ile barabara tuliyopita asubuhi na gari tulikuwa tunapita juu ya mlima uliolala. Na haujafa, mara ya mwisho kutoa majivu ilikuwa 1910, bibi ya mtu anaweza kuwa alikuwepo.

Miriakamba pazuri. Vyumba vya vitanda vya juu na chini, taa za sola, vyoo viko pembeni na vilikuwa visafi siku tuliyofika, bafu hakuna ila mpishi anakuletea beseni la maji ya moto na inatosha. Jioni chai na bisi, usiku supu ya maboga, wali na mchuzi wa nyama, mimi nilikuwa nadhani mlimani watu wanakula biskuti. Asubuhi uji. Mpishi wetu alikuwa mtu mzima, sisi tulimwita mzee, na kila mlo alikuwa anakuja mwenyewe kuangalia sahani, ukibakiza anakuuliza kichwa kinauma? Baadae nikaelewa kwamba hiyo ndo njia yao ya kukupima, mtu ambaye altitude, ile hewa nyepesi ya juu, inaanza kumshika anakataa chakula kwanza.

Siku ya pili ni ngazi. Sina maneno mengi, ni ngazi za magogo na udongo kupanda juu mpaka Saddle, masaa manne au matano, mnapumzika sehemu wanaita Mgongo wa Tembo na hapo pana upepo mzuri na unaiona kreta yote. Miti inapungua, inakuwa vichaka, baridi linaanza kuingia hata jua likiwaka. Saddle mkifika mchana msilale kwanza, nendeni Meru Ndogo, ni kama mita 3,820, saa moja kupanda na chini ya hapo kurudi. Mimi nlikuwa sitaki, nlikuwa nimechoka, mwongozaji akanibembeleza akasema dada mwili ukionja hewa ya juu sasa hivi, usiku hautashtuka. Alikuwa sahihi, usiku ule nililala bila kichwa kuuma na mdogo wangu vile vile.

Sasa usiku wa kilele. Tuliamshwa saa saba, chai na biskuti, saa nane tukaanza kutembea. Baridi ilikuwa ya kweli, maji kwenye chupa yalikuwa yanatengeneza barafu mdomoni, na hapa niseme kuhusu vifaa maana nlipata shida. Begi la kulalia nilikodi duka moja mjini, zipu ilikuwa imekufa katikati na sikuikagua nikiwa dukani, usiku wa Saddle nililala nimevaa kila kitu nilichonacho mpaka koti la mvua. Tochi ya kichwani niliyokodi hapo hapo ilizima saa tisa usiku tukiwa kwenye mawe. Mwongozaji akavua yake akanipa, akatembea nyuma yangu kwa mwanga wa tochi ya mdogo wangu. Vifaa kagua pale pale dukani, fungua zipu mpaka mwisho, washa tochi uiache iwake, na betri nunua mpya mwenyewe.

Mpaka Rhino Point ni kama saa moja, sio mbaya. Baada ya hapo njia inashuka kidogo, inakata kwenye mwamba umeinama ambao unatumia na mikono, na gizani unachokiona ni mwanga wa tochi yako na alama za rangi kwenye mawe. Kushoto ni kreta. Huioni, ila unaijua kwa sauti, upepo ukitokea huko unakuwa na mlio tofauti, kama mtu anapuliza kwenye mdomo wa chupa. Kulia mbali sana chini kuna taa chache. Mwongozaji anatembea taratibu mpaka inakera, hatua moja, pumzi, hatua nyingine, na kila mkitaka kuongeza mwendo anasema pole pole jamani, mlima haukimbii. Kuna sehemu ya majivu na changarawe, unapiga hatua moja unarudi nusu, hapo ndo nililia. Nililia kweli, bila kuumwa popote, machozi tu yanatoka na kuganda, nikamwambia mdogo wangu nenda mimi nabaki na afande. Afande akaniambia kitu kimoja tu, akasema dada usiangalie kilele, angalia kisigino cha aliye mbele yako. Nikashika kisigino cha mdogo wangu kwa macho saa nzima na zaidi. Kilikuwa na bendeji ya njano.

Karibu na Cobra Point, mita 4,350, mbingu ikaanza kuwa na mstari mwekundu. Kwanza unaona Kilimanjaro. Umbali kama kilomita 70 lakini inaonekana iko hapo tu, nyeusi, kubwa, imekaa juu ya mawingu kama jahazi juu ya maji, na mawingu yenyewe yametandazwa kuanzia miguuni kwako mpaka kwake. Alafu jua likatoka kulia kwake kidogo na ule weupe wa juu wa Kibo, kilele chake, ukawa wa rangi ya chungwa. Nimewahi kuongea na watu waliopanda Kili na wote wanasema juu kule ni pazuri, naamini, lakini ukiwa juu ya Kili huwezi kuiona Kili. Meru unaiona yote. Hakuna mtu aliyeongea. Mwanga ukashuka taratibu kwenye kreta upande wetu wa kushoto, ule ukuta niliouona kutoka chini siku ya kwanza sasa tuko juu yake, na kile kilima cha majivu kikatokea gizani, mviringo kabisa, mistari mistari ya kijivu, mita 3,667 na tunakitazama kwa juu, jamani. Mtu anatembea kwenye ukingo wa bakuli na ndani ya bakuli kuna mlima.

Kutoka Cobra Point unakiona kilele na unadhani umefika. Bado. Ni saa moja na zaidi ya mawe, mara unapanda mara unashuka, na hiyo saa moja ndo iliyomaliza nguvu zote nilizobakiza. Tulifika saa moja na dakika arobaini asubuhi. Pale juu kuna bendera ya Tanzania ya bati na kibao, na jina la kilele ni Socialist Peak, Kili wana Uhuru na sisi tuna Ujamaa. Mdogo wangu akapiga magoti akashika ile bendera, mimi nikaenda upande wa pili.

Nlitaka kuona nyumbani. Upande wa Arusha mawingu yalikuwa yanafunguka, na chini sana kulikuwa na mabati yanawaka jua, mengi, mwongozaji akanionyesha kwa fimbo, ile ni barabara ya Nairobi, Sakina iko pale pembeni. Sikuiona nyumba, niliona mng'ao tu wa mabati ila mama yangu alikuwa kwenye mng'ao ule. Alafu nikaangalia magharibi, upande wa Monduli, na kivuli cha mlima kilikuwa kimelala juu ya nchi yote ile mpaka mbali, cha bluu, na kilikuwa pembe tatu. Ile ile. Imekamilika. Nikapiga picha ila picha haionyeshi vizuri, kivuli kinafifia haraka jua likipanda, kwahiyo ukifika juu usikimbilie kibao kwanza, watu wote wanapanga foleni kwenye kibao na nyuma yao kivuli kinaondoka.

Kushuka ni kazi ambayo watu hawaisemi. Mchana ndo unaona kile ulichopita usiku, sehemu nyingine njia ni nyembamba na kreta iko hapo hapo, mtu mwenye hofu ya urefu ajue hilo mapema na amwambie mwongozaji wake, atamshika. Fimbo mbili za kutembelea hazikwepeki, na geta za kufunga juu ya buti maana changarawe inaingia mpaka kwenye soksi. Tulirudi Saddle saa sita, tukala, tukalala saa moja, jioni tukawa Miriakamba tena. Siku ya nne asubuhi tukashuka kwa njia fupi, twiga wamesimama njiani wanatutazama, saa tano tuko getini tunapewa vyeti.

Tipu wapeni wagumu mkononi wenyewe, kila mtu yake, mbele ya wote. Hawa watu wanabeba gesi, chakula, begi lako, wanakupita kwenye ngazi na mzigo kichwani na bado wanakuambia pole dada. Mgumu wetu mmoja alikuwa kijana wa Ngaramtoni, tukajikuta tunajua kanisa moja, tunajua muuza mahindi mmoja.

Miezi, kuanzia Juni mpaka Oktoba ni nzuri ila baridi kali, na Januari mpaka Februari ni safi pia, Aprili na Mei achana nayo, ni mvua na matope tu. Mazoezi anza miezi miwili kabla, panda ngazi, tembea na mzigo, mimi nlikuwa natembea kutoka nyumbani mpaka kazini kila siku na bado nililia kwenye majivu.

Maksi zangu, njia na mandhari kumi juu ya kumi, ranja na wagumu kumi, chakula tisa, vibanda saba kwa sababu Saddle usiku upepo unapenya kwenye mbao na vyoo vyake vinahitaji maji zaidi. Mama nimemuonyesha picha ya kreta kwenye simu, akaikuza kwa vidole, akaangalia dirishani, akaangalia tena simu, akaniuliza sasa wingu linalotukataza kufua linatokea huku ndani? Nikamwambia ndiyo mama, nimeliona linapanda kutoka humo.